Watoto 698 wa Kauai

Nilipotea kidogo, majaribio yalinikaba koo na bumu nalo likachelewa kama kawaida yake. Leo nipo maktaba, ila ninachosoma si cha mtihani.

Juzi usiku Mama alinipigia. Mdogo wangu wa kidato cha pili amegoma kwenda shule tangu msiba wa Baba. Hali vizuri, haongei, akiulizwa anafoka. Kwenye kikao cha familia Baba mdogo akakata shauri: "Huyo ameshaharibika, msipoteze hela." Mama akaniuliza, wewe uliyeko chuo unasemaje? Sikuwa na jibu. Nimekuja kulitafuta huku.

Kauai ni kisiwa kimoja cha Hawaii, enzi hizo kikiwa cha mashamba ya miwa na mananasi. Mwaka 1955 watafiti walianza kuwafuatilia watoto wote waliozaliwa pale mwaka huo, jumla 698. Jina lililokuja kuvuma ni la mwanasaikolojia Emmy Werner, pamoja na mwenzake Ruth Smith. Werner alizaliwa Ujerumani mwaka 1929, kwa hiyo Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta akiwa mtoto. Shida za utotoni hakuzisoma vitabuni tu.

Kazi yao si mchezo. Waliwaangalia wakiwa na mwaka 1, 2, 10 na 18, wakarudi tena walipofika 32 na 40. Karibu theluthi moja walianza maisha vibaya: umaskini, matatizo ya uzazi, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Kati ya hao, theluthi mbili walipata matatizo kabla ya miaka 18: masomo kuwashinda, kesi, mimba za mapema, afya ya akili kuyumba. Lakini theluthi moja walikua vizuri tu, watu wa kujiamini na wenye utu. Kitabu chao cha mwaka 1982 kinawahusu hawa.

Kwa nini ni jambo kubwa? Watafiti wengi walikuwa wanaanza na mtu aliyekwisha kuanguka, kisha wanarudi nyuma kuuliza utoto wake ulikuwaje. Ukifanya hivyo, waliopita njia ileile wakasalimika huwaoni kabisa. Werner alianza na watoto wachanga akasonga nao mbele. Baba mdogo naye anahesabu walioanguka tu!

Sasa waliosalimika walikuwa na nini? Wengine walizaliwa wapole, rahisi kupendwa. Wengi walikuwa na majukumu nyumbani, kama kulea wadogo zao. Na walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashikilia, si lazima mzazi. Bibi, shangazi, mwalimu, mtu wa kanisani.

Kilichonitoa machozi ni hiki: hata wengi wa wale waliokuwa wameharibikiwa wakiwa na 18, walipofika 32 na 40 walikuwa wametulia. Wengine walirudi shule ukubwani, wengine jeshi liliwanyoosha, wengine walipata ndoa nzuri au imani.

Wapo ambao hawakurudi, sitaki kudanganya. Na utafiti huu usiwe fimbo ya kumwambia mtoto "jikaze, mbona wenzako waliweza". Walioweza hawakuwa peke yao.

Nimemjibu Mama kwamba miaka 15 si mwisho wa hesabu. Tumtafutie mshauri nasaha, na sisi tusimwachie. Kisha nikampigia mwenyewe. Dakika nne kimya, halafu: "Dada, unakuja lini?"

Jumamosi nipo kwenye basi. Majaribio yatanisubiri.

Na wewe msomaji, mtu wako mmoja alikuwa nani? Kama bado yupo, mpigie leo.