Masikio ya paka: Halloween ilitoka wapi kabla ya kufika getini

Mwezi huu zamu ni yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya reli ya Kigoma, lakini nimeiweka kando kwa sababu ya picha moja.

Picha ni ya dada yangu, mtoto wa baba mdogo, aliyepata safari ya Marekani miaka kadhaa iliyopita. Anaishi California, anafua mashuka hotelini. Kwenye picha amesimama usiku ndani ya bustani moja kubwa ya burudani, zile zenye treni za kupinduka angani. Nyuma yake kuna boga la plastiki lenye meno, refu kuliko yeye. Kichwani ana masikio ya paka, mashavuni amechorewa sharubu, na pembeni yake wenzake wa kazini wamevaa kama mifupa, maharamia na wachawi wa kofia ndefu. Chini ameandika: “Pati ya Halloween. Tumefurahi sana.”

Kundi letu la ukoo halikulala siku ile. Baba mkubwa aliuliza neno moja tu: “Paka?” Kwetu paka anayelia juu ya bati usiku hatumwiti paka, na kila mtu anajua tunamwitaje. Mchungaji wetu alituma sauti ya dakika saba. Lakini swali lililochoma lilitoka kwa shangazi: mtoto aliyekimbia bunduki akiwa na miaka tisa, leo analipa pesa yake mwenyewe ili akaogopeshwe? Jioni dada akatoka kwenye kundi. Na huyo ndiye anayetuma pesa ya dawa za bibi.

Sikutaka kumtetea kabla sijajua ninatetea nini. Nikaenda kusoma.

Jina lenyewe halitoki kwa shetani. Linatokana na maneno ya zamani ya Kiingereza yenye maana ya jioni ya kuamkia Watakatifu Wote. Wakatoliki hapa kambini wanaijua siku hiyo vizuri: tarehe 1 Novemba misa, tarehe 2 tunawaombea marehemu. Tarehe 31 Oktoba ni mkesha tu. Ila mchungaji naye hakukosea kabisa, tuseme ukweli. Kabla ya kanisa, watu wa Ireland walikuwa na sikukuu yao iliyoitwa Samhain, wakati mavuno yameisha na baridi inaingia. Walioandika habari zake ni watawa Wakristo, karne nyingi baadaye, na wanasimulia kwamba usiku ule mlango kati ya walio hai na wale wa upande mwingine ulikuwa wazi. Kanisa liliposimamisha sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, karne ya 8 na ya 9, mambo hayo mawili yakaishi nyumba moja. Hata sisi tunaijua nyumba ya namna hiyo.

Kilichonishika zaidi ni habari ya chakula. Katika Uingereza na Ireland ya zamani, siku zile za marehemu, maskini walipita mlango kwa mlango. Mwenye nyumba aliwapa kimkate, na wao wakaahidi kuwaombea wafu wake. Huko Ireland na Scotland vijana walipita wamejigeuza: nguo kuukuu, nguo za majani makavu, uso umepakwa masizi. Wanaimba kidogo au wanafanya kichekesho, wanapewa karanga, tufaa au senti. Wasomi wanaeleza masizi yale kwa njia nyingi, mizimu, mchezo, desturi. Mimi nimekulia kwenye foleni ya mgao, kwa hiyo naona jambo jingine pia: ukiwa umepakwa masizi, kesho jirani hawezi kukuambia “wewe jana ulikuja kuomba kwangu.”

Sasa ilifikaje Marekani? Hapa ndipo nilipokaa usiku mzima.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi vya Ireland. Viazi vilioza ardhini, vikatoka vyeusi na kunuka. Maskini wa Ireland walikuwa wanaishi kwa viazi karibu peke yake, na mavuno yakafa tena na tena kwa miaka iliyofuata. Wakati huohuo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza, maana mashamba hayakuwa ya wale waliolima. Watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na magonjwa. Zaidi ya milioni 1 wengine walikimbia. Waliingia kwenye meli zilizojaa kupita kiasi, meli ambazo watu waliziita majeneza kwa sababu ya wengi waliofia humo. Kanada ilikuwa na kisiwa cha karantini kinachoitwa Grosse Île, mahali ambapo kila meli ilisimamishwa ili abiria wapimwe. Mwaka 1847 peke yake walizikwa pale zaidi ya watu 5,000.

Aliyewahi kulala kwenye kituo cha mapokezi anasoma habari ya Grosse Île na kuona ya kwake: kupangwa mstari, kutenganishwa wagonjwa na wazima, mama anaulizia mtoto aliyepelekwa hema jingine. Na waliovuka hawakukuta karamu. Marekani ya miaka ya 1850 ilikuwa hata na chama cha siasa kilichopata nguvu kwa kuwapinga wahamiaji Wakatoliki.

Watu hao, pamoja na Waskoti waliohama vilevile, ndio waliobeba Halloween. Ireland walikuwa wanachonga sura kwenye kiazi cha mzizi, kitu kama figili nene, wakiweka mshumaa au kaa la moto ndani. Marekani wakakuta boga. Boga ni kubwa, laini, na katikati lina uwazi tayari. Basi boga likashinda. Kwa hiyo hata boga lile la plastiki kwenye picha ya dada lina ukoo wake, na ukoo huo unapitia kwenye meli za watu wenye njaa.

Katikati nitapita haraka. Kufikia miaka ya 1920 Halloween ilikuwa imegeuka usiku wa fujo za vijana: vioo vinavunjwa, mageti yanang’olewa. Mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, unasimulia kwamba asubuhi moja waliamka wakakuta ng’ombe wanazurura barabara kuu. Mwaka 1920 wakubwa wa mji wakaandaa maandamano na sherehe ya mji mzima ili vijana wawe na shughuli. Nyinyi wa mashirika mnaujua mpango huu. Vijana wana fujo? Wape jezi na mpira. Miji mingine ikafanya hivyohivyo, na mtindo wa watoto kugonga milango wakidai peremende ukaenea. Vita vya Pili vikausimamisha kidogo, maana Marekani nayo iliingia kwenye mgao wa sukari, kuanzia 1942 hadi 1947. Ndiyo, mgao, na vitabu vya kukatwa kuponi.

Halafu mwaka 1950, mchungaji. Narudia: mchungaji. Clyde Allison, wa kanisa la Presbiteri, na mke wake Mary Emma, mwalimu, walikuwa wanaishi Philadelphia. Waliwatuma watoto wao pamoja na wa jirani wapite mlango kwa mlango usiku wa Halloween wakikusanya senti badala ya peremende. Mwaka ule wa kwanza zilipatikana dola 17. Zilienda UNICEF, shirika ambalo lilikuwa limeanzishwa 1946 kwa ajili ya watoto wa Ulaya walioharibiwa na vita. Jambo likakua nchi nzima, na vizazi vya watoto wa Marekani vimebeba kisanduku kile cha UNICEF wakiwa wamevaa kama mizimu. Nembo hiyohiyo ipo kwenye mahema na mabegi ya shule tuliyobeba hapa. Nilimtumia mchungaji wetu habari hii. Ameisoma, alama mbili za bluu zinaonekana. Bado hajajibu.

Tuje sasa kwenye bustani za burudani, maana dada hakugonga mlango wa mtu. Alipita getini kwa tiketi.

Buena Park, California, kulikuwa na mkulima anaitwa Walter Knott, aliyeuza matunda ya beri kando ya barabara. Mwaka 1934, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, mke wake Cordelia alianza kuuza kuku wa kukaanga. Siku ya kwanza aliuza sahani 8, senti 65 kila moja, akitumia vyombo vyake vya harusi. Kuku alikuwa mtamu, foleni ikawa ndefu, watu wakasubiri saa nyingi. Ili wasichoke, kuanzia 1940 Walter alijenga pembeni kijiji cha mfano wa miji ya zamani ya wachimba madini iliyohamwa. Miji ya namna hiyo kule inaitwa miji ya mizimu. Yaani bustani ile ilizaliwa na foleni! Sisi tuna foleni tangu 1996 na hakuna aliyetujengea hata bembea.

Mwaka 1973 bustani hiyo, Knott’s Berry Farm, iliugeuza mji wake wa mizimu kuwa mahali pa kuogopeshana usiku wa Halloween. Waigizaji wenye vinyago walijificha gizani, na baadaye wengine wakajifunza kuteleza kwa magoti kwenye lami, chuma kikitoa cheche mpaka miguuni pa mtu. Ikajaa. Oktoba, ambao ulikuwa mwezi mkavu wa biashara, ukawa mwezi wa mavuno. Universal ya Florida ikaanza usiku wake wa kutisha 1991. Disney ikafuata tarehe 31 Oktoba 1995, lakini kwa njia ya upole: pati ya familia, peremende, na wageni kuja na mavazi ya kujigeuza.

Sasa kuhusu mavazi hayo kuna jambo ambalo sikulitegemea. Kwenye zile bustani za kutisha kweli, Knott’s na Universal, mgeni haruhusiwi kuja amejigeuza. Kujigeuza ni kazi ya mwajiriwa. Kwenye pati za Disney mgeni anaruhusiwa, ila mwenye miaka 14 na zaidi asivae kinyago, na asibebe silaha ya bandia inayofanana na ya kweli. Lazima uso uonekane. Ndiyo maana dada alichorewa sharubu tu.

Kwetu Wabembe kulikuwa na alunga: kinyago kizito cha mbao chenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, macho makubwa kama ya bundi. Aliyekivaa hakutajwa jina. Siku ile hakuwa mtu wa kijiji, alikuwa kitu cha porini, na nguvu yote ilikuwa hapo, kwamba hujui ni nani. Leo vinyago hivyo viko kwenye makumbusho ya Ulaya, nyuma ya kioo. Na masizi ya yule kijana wa Ireland yalikuwa na kazi inayokaribiana. Sasa ni kinyume: aliyefichwa uso analipwa mshahara, aliyelipa tiketi anatakiwa aonyeshe wake. Sisemi ni vibaya. Mtu anataka kujua aliyeingia na watoto. Lakini nimeweka kidole kwenye mashine mara nyingi mno ili nipate unga, nikaona kichekesho kidogo kwamba hata kwenye usiku wa kujificha kuna mtu getini anataka kukutambua.

Limebaki swali la shangazi. Nilimpigia dada, na ameniruhusu kuandika haya.

Mwaka wake wa kwanza kule, wenzake wa kazini walimpeleka kwenye bustani ya kutisha. Hakuelewa anapelekwa wapi, Kiingereza chake kilikuwa bado. Wakaingia kwenye nyumba ya giza. Kanuni ya kawaida ya nyumba hizo ni kwamba waigizaji hawakugusi, na mlango wa kutokea upo. Yeye hakujua kanuni wala mlango. Mtu akatoka ukutani na msumeno wa injini, mlio tu bila mnyororo, na dada akalala chini kifudifudi, mikono kichwani, kama tulivyofundishwa. Wenzake walicheka kwa sekunde moja hivi, kisha wakanyamaza. Aliyevaa kinyago ndiye aliyekivua. Akapiga magoti, kijana wa kawaida mwenye chunusi, akamwonyesha mlango.

Miaka miwili hakutaka kusikia habari ya Oktoba. Mwaka huu mwenzake mmoja, mama wa Kifilipino, akamwambia kuna pati nyingine, ya watoto, hakuna msumeno, kuna peremende na muziki, na unaweza kujigeuza. Akaenda. Aliuliza milango ya kutokea iko wapi kabla ya kitu kingine chochote. Halafu akanunua masikio ya paka.

“Kwa nini paka?” nikamuuliza. “Unajua watu wa nyumbani.”

“Yalikuwa ya bei rahisi kuliko yote.”

Shangazi nimemsimulia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba namba mpya ya dada. Baba mkubwa bado ana neno lake moja.

Kitu kimoja zaidi. Tarehe 1 Novemba, kule wanayatupa maboga. Yanakaa kando ya barabara, mengine hayajaguswa hata na kisu, yakisubiri gari la taka. Dada alibeba mawili, akayamenya, akayapika na maharage na vitunguu, akawapelekea wenzake kazini. Wamekula. Yeye anasema yale maboga hayafai, maji matupu, utamu hakuna.