Star Wars: ni nani anaamua hadithi gani ni ya kweli?

Filme ya kwanza ya Star Wars, hadithi ya vita kati ya nyota iliyobuniwa na Mmarekani George Lucas, ilitoka 1977. Kisha filme ya tatu, ya 1983, vitabu ndivyo viliendeleza hadithi. Kimoja, Heir to the Empire cha Timothy Zahn (1991), kilileta adui mpya, Thrawn, na wapenzi walimpokea sana.

Mwaka 2012 Disney ikanunua Lucasfilm kwa zaidi ya dola miliari 4. Mwezi wa nne 2014, Lucasfilm ikatangaza kwamba filme sita na katuni The Clone Wars ndizo kanoni. Neno hilo la kanisa, la vitabu vinavyokubaliwa katika Biblia, hapa ni hadithi ambayo mwenye mali anaihesabu kuwa ilitokea. Vile vitabu vya zamani vikawekwa pembeni, kwa jina Legends.

Juu ya nini hasira? Mtu amesoma miaka makumi mbili, leo anaambiwa hayo yote hayakupita. Wengine wanajibu: vingi vilikuwa vibaya, tena vilipingana. Lakini hayo ni maulizo mawili. The Last Jedi (2017) ni kanoni, na bado iligawanya wapenzi. Hata Lucas mwenyewe hakusikilizwa: 1977 Han Solo njo alipiga risasi peke yake, katika kopi ya 1997, Greedo anapiga wa kwanza. Wengi wamekataa mpaka leo.

Thrawn, yeye, alirudishwa 2016 katika katuni Rebels, na Zahn akamwandikia kitabu kipya. Kile cha 1991 kimebaki Legends.