Michael Thonet na Kiwanda cha Viti vya Mbao Zilizopindwa

Katika historia ya useremala wa Ulaya ya karne ya 19, Michael Thonet ana nafasi ya pekee, kwa kuwa ndiye aliyeitoa kazi ya kutengeneza kiti katika karakana ya fundi na kuiingiza kiwandani, na alifanikiwa katika nchi ambayo hakuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1796 mjini Boppard, kando ya mto Rhine, akiwa mtoto wa mtengenezaji ngozi, na mwaka 1819 alianza kujitegemea kama fundi wa samani katika mji huohuo, ambao baada ya vita vya Napoleon ulikuwa umetiwa chini ya ufalme wa Prussia.

Seremala wa zama hizo aliyetaka mguu wa kiti wenye mpindo alilazimika kuuchonga kutoka katika ubao mnene, kazi iliyoteketeza mbao nyingi na kukata nyuzi za mti, hivyo kuudhoofisha mguu mahali palepale ulipopinda. Katika miaka ya 1830 Thonet alijaribu njia nyingine: alipasua mti kuwa vipande vyembamba, akavifunga pamoja na kuvichemsha ndani ya gundi, kisha akavibana katika kalibu, yaani umbo linalokipa kitu sura yake, mpaka vikakauka vikiwa vimepinda. Viti alivyovipata vilikuwa vyepesi na imara, lakini biashara ilimwendea vibaya. Prussia ilimnyima hataza, ambayo ni haki ya mgunduzi kuzuia wengine wasiige kazi yake kwa muda maalumu, na fedha alizokopa ili kuipata haki hiyo nchini Ufaransa, Uingereza na Ubelgiji zilimwachia madeni mazito.

Mlango ulifunguka mwaka 1841, pale Metternich, kansela wa dola ya Austria, alipoziona samani zake katika maonyesho ya Koblenz na kumshauri aende Vienna. Metternich mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Koblenz, jirani kabisa na Boppard, na si ajabu kwamba mhamiaji aliyekwisha kupanda ngazi alimvuta mwenziwe wa nyumbani. Mwaka 1842 Thonet alipewa haki ya kifalme ya kutumia ufundi wake nchini Austria, wakati ambapo wadai wake walikuwa wakikamata mali yake ya Boppard, na familia yake ikalazimika kumfuata ugenini. Uhamiaji huo, basi, haukuwa wa hiari tupu.

Miaka ya kwanza aliishi kwa kuwafanyia kazi wengine, hasa katika kasri la ukoo wa Liechtenstein, ambako yeye na wanawe walitengeneza sakafu za mbao za nakshi na viti chini ya kampuni ya Carl Leistler. Mwaka 1849 alifungua karakana yake mwenyewe, akapata kazi ya kutengeneza viti vya mkahawa wa Daum wa hapo Vienna, na mwaka 1853 akaiandikisha biashara kwa majina ya wanawe watano, ikaitwa Gebrüder Thonet, maana yake ndugu wa Thonet.

Hata hivyo, gundi ilibaki kuwa udhaifu wa kazi yake, kwa sababu samani zilizosafirishwa baharini kwenda nchi zenye unyevu ziliweza kuachana viungo. Dawa ilikuwa kuupinda mti mzima usiounganishwa kwa gundi, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana ufito unapopindwa upande wa nje huvutika na kupasuka, ilhali upande wa ndani huweza kubanwa sana bila kuharibika. Thonet alifunga utepe wa chuma upande wa nje wa ufito uliolainishwa kwa mvuke, utepe usiokubali kurefuka, kwa hiyo nguvu yote ya mpindo ikaangukia upande wa ndani. Ni jambo dogo kulieleza, lakini bila utepe huo kiwanda kisingekuwapo.

Hataza ya njia hiyo ilitolewa mwaka 1856, na kiwanda kikajengwa Koritschan, katika jimbo la Moravia, mahali palipochaguliwa kwa sababu ya misitu ya mti uitwao bichi na wingi wa vibarua wa vijijini. Kazi ya kiti iligawanywa kuwa hatua nyingi fupi, kila mtu akifundishwa hatua yake tu, na wanawake wakipewa kazi kama kusuka vikalio vya henzirani. Seremala aliyejua kukitengeneza kiti chote mwanzo hadi mwisho hakuhitajika tena, hasara ambayo wanaomsifu Thonet hupenda kuipita kimyakimya.

Kiti namba 14, kilichotokea mwaka 1859, kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Kwa kuwa kilisafirishwa bila kuunganishwa, viti 36 vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo, na mnunuzi wa mbali aliviunga mwenyewe. Wasanifu wa karne iliyofuata, Le Corbusier miongoni mwao, walikisifu kwa uzuri, lakini mistari yake michache ilitokana kwanza na hesabu ya mbao, vibarua na nauli.

Haki ya pekee ilikoma mwaka 1869, na washindani, wakiongozwa na kampuni ya Jacob & Josef Kohn, wakaingia sokoni mara moja. Thonet alifariki mjini Vienna mwaka 1871, akiwaachia wanawe viwanda kadhaa. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1930 viti namba 14 vipatavyo milioni 50 vilikuwa vimeuzwa, na hadi leo kiti hicho, sasa kikiitwa namba 214, kinatengenezwa Frankenberg, nchini Ujerumani, katika kiwanda ambacho kampuni ya wanawe ilikijenga mwaka 1889.