Injini inayotengeneza umeme, na reli iliyoishia Pakwach

Wengi wetu hapa Koboko tunadhani kichwa cha treni ya dizeli kinaenda kama lori: injini inazungusha magurudumu, basi. Sivyo. Chukua jenereta ya pampu ya maji. Dizeli inawaka, injini inazungusha jenereta, umeme unatoka, pampu inavuta. Sasa ondoa pampu, weka mota za umeme kwenye ekseli za magurudumu, pandisha vyote kwenye reli. Ndiyo hiyo treni ya dizeli na umeme. Mafundi walikubali huo mzunguko kwa sababu gia za kawaida ni shida kuondoa mamia ya tani zilizosimama. Mota ya umeme yenyewe huvuta kwa nguvu zaidi pale inapoanza.

Moja ya kwanza kufanikiwa ni namba 1000 ya Central Railroad of New Jersey, Marekani, mwaka 1925. Nguvu farasi 300 tu! Umeme wa General Electric, injini ya Ingersoll-Rand, bodi ya ALCO. Ilipanga mabehewa kule Bronx, New York, na haikustaafu mpaka 1957.

Kwetu Afrika Mashariki bado mvuke ulitawala. Katikati ya miaka ya 1950 shirika la reli lilipokea Garratt 34 za daraja la 59, kila moja zaidi ya tani 250. Mimi nazipenda kwa picha, lakini zinakunywa maji, na reli kutoka Mombasa inakata nyika kavu ya Taru na Tsavo. Mwaka 1960 zikaingia za dizeli na umeme kutoka English Electric ya Uingereza, daraja la 90, nguvu farasi 1,840. Ekseli nane, sita zenye mota. Mbili zipo kugawa uzito usilemee reli.

Miaka hiyohiyo reli ya kaskazini ilikuwa inasogea kwetu. Ilikuwa imekaa Soroti tangu 1929; ikapita Lira na Gulu, ikafika Pakwach 1964. Kabla ya hapo mizigo mingi ya West Nile ilikuja kwa meli kupitia Butiaba, bandari ambayo Ziwa Albert lilipanda na kuiharibu. Arua ingefuata, si ndiyo? Haikufuata. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, vichwa vya treni vikagawanywa, karakana kuu ikabaki Nairobi. Baadaye vita vya kaskazini vikanyamazisha hata kipande kilichokuwepo.

Kwa hiyo mzigo unaoshuka Mombasa unavuka Nile kwa malori. Ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, hesabu hii mnaijua: kila lori na injini yake, dereva wake, turniboi wake, mafuta yake. Mabehewa ishirini yangefuata kichwa kimoja. Tofauti hiyo imo ndani ya bei ya unga tunaonunua Lobule.