Taichi: Mapigano Yaliyogeuka Mazoezi ya Asubuhi

Taichi, au taijiquan kwa jina lake kamili la Kichina, ni mazoezi ya viungo yanayofanywa polepole na kwa mfululizo, mwendo mmoja ukizaa mwingine bila kituo, huku akili ya mfanyaji ikiufuata kila mwendo. Anayewatazama wazee wa Beijing au Shanghai wakiyafanya bustanini alfajiri anaweza kudhani wamo katika ibada. Asili yake ni mapigano. Kila mkono unaopanda taratibu kama moshi, hapo zamani ulikuwa ama ngao ama pigo.

Hekaya humtaja mtawa wa Kitao, Zhang Sanfeng, anayesemekana kuibuni taichi baada ya kumwona nyoka akipambana na ndege. Katika miaka ya 1930 mtafiti Tang Hao alifika katika kijiji cha Chenjiagou, jimboni Henan, akachunguza kumbukumbu za ukoo wa Chen na kutoa hoja kwamba mwanzilishi alikuwa Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17 aliyeishi wakati utawala wa Ming ukianguka na ule wa Qing ukishika nchi. Hoja hiyo ina wapinzani hadi leo, ila ushahidi wake una uzito kuliko hekaya. Hekaya ni tamu zaidi, na ndiyo maana haijafa.

Katika mapokeo ya ukoo wa Chen, mbinu za kivita ziliunganishwa na mazoezi ya kale ya kuongoza pumzi. Umakini ulihitajika kwa sababu ya kawaida kabisa: mpiganaji asiyejua uzito wa mwili wake umekaa mguu gani huangushwa. Ili kuunoa umakini huo, watu wawili husimama wakitazamana, mikono yao ikigusana, kisha wanasukumana kwa upole. Kila mmoja hujaribu kuhisi nia ya mwenzake kupitia ngozi, kabla nguvu yenyewe haijafika. Anayekaza misuli hujifichua, na anayewaza jambo jingine hupoteza mizani. Zoezi hilo, ambalo Wachina huliita tuishou, lingali linafundishwa, na hakuna linaloonyesha vizuri zaidi kwamba utulivu wa akili katika taichi ulikuwa silaha kabla haujawa dawa.

Kwa muda mrefu elimu hiyo ilibaki ndani ya ukoo. Aliyeitoa nje ni Yang Luchan (1799–1872), mtu wa Yongnian katika jimbo la Hebei, aliyefundishwa na Chen Changxing na baadaye akaenda Beijing kufundisha watu wa tabaka la watawala. Simulizi za jinsi alivyojifunza kwa kuchungulia ukutani zimejaa chumvi. Lisilo na shaka ni kwamba kutoka kwake taichi iliingia mjini, na mjini ikakuta watu wa aina nyingine.

Utawala wa wafalme ulipokoma mwaka 1912, wasomi wa China walikuwa wamechoshwa na dharau ya kuitwa “mgonjwa wa Asia”. Michezo ya mapigano ikaanza kuhubiriwa kama njia ya kuimarisha afya ya taifa. Mjukuu wa Yang Luchan, Yang Chengfu (1883–1936), alifundisha hadharani Beijing na baadaye Shanghai. Wengi waliomjia hawakuwa walinzi wa misafara wala askari, bali watu wa kalamu na wa biashara, ambao siku nzima mwili umekaa na akili inakimbia. Mtindo uliotoka mikononi mwake ulikuwa mpana na wa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuruka, kukanyaga kwa kishindo na kufyatuka kwa ghafla, mambo ambayo mtindo wa Chen umeyahifadhi, viliachwa. Mwanafunzi wake Chen Weiming aliandika mafundisho kumi ya mwalimu huyo, miongoni mwao kutumia nia badala ya nguvu, kuunganisha miendo bila kukatika, na kutafuta utulivu ndani ya mwendo wenyewe. Walimu hulinganisha kazi hiyo na kuvuta uzi wa hariri kutoka kwenye kifukofuko: ukivuta kwa pupa unakatika, ukisitasita unajisokota.

Hata hivyo mtindo wa Yang ulikuwa mrefu. Miendo yake, kutegemea anayehesabu, ni 85, 103 au 108, na kuikamilisha kwa kasi yake halali huchukua dakika 20 au zaidi. Kujifunza yote huhitaji miezi mingi. Mwenye kazi ya kuwahi alfajiri hakuwa na muda huo.

Jibu lilikuwa kuipunguza, na jambo la kuvutia ni kwamba lilitolewa na pande mbili zilizokuwa mahasimu wa kisiasa. Zheng Manqing, tabibu na mchoraji aliyekuwa mwanafunzi wa Yang Chengfu, alipunguza mtindo huo hadi miendo 37, akauhamishia Taiwan, na katika miaka ya 1960 akaufundisha New York. Huko China bara, serikali ya kikomunisti ilikuwa imeanza kutangaza mazoezi ya viungo redioni mwaka 1951. Mwaka 1956 tume yake ya michezo ilitoa mtindo mwepesi wa miendo 24. Marudio mengi yaliondolewa, miendo ikapangwa kutoka rahisi kwenda ngumu, na baadhi ya yale yaliyozoeleka kufanywa upande wa kulia yakapewa na upande wa kushoto. Majina ya kale yalibaki: korongo mweupe akikunjua mbawa, mikono kama mawingu. Mtindo mzima huisha kwa dakika tano au sita hivi.

Walimu wa mapokeo walilalamika, na wengine wanalalamika bado, kwamba taichi imefanywa tamasha la bustanini. Wana haki kwa upande wa mapigano, maana anayejua miendo 24 tu hawezi kujitetea nayo. Kwa upande wa umakini lalamiko hilo ni dhaifu. Waliopunguza walikata urefu bila kugusa upole, na upole ndio unaolazimisha akili ikae mwilini. Mguu unaoinuliwa kwa kasi hauhitaji kufikiriwa, lakini ukiinuliwa taratibu, mwenye mguu akisahau kidogo tu anayumba.

Baada ya misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kisiasa iliyopiga vita mila za kale, kiongozi wa China Deng Xiaoping aliandika mwaka 1978 kwa mkono wake maneno yanayosema kwamba taichi ni nzuri, nayo ikapata kibali kipya. Madaktari wa Magharibi walifuata. Mwaka 1996, utafiti wa Atlanta uliowahusisha watu 200 wenye umri wa miaka 70 au zaidi ulionyesha kuwa taichi ilipunguza hatari ya kuanguka mara kwa mara kwa asilimia 47.5. Mwaka 2012 utafiti mwingine wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 195 wa Parkinson, ulionyesha kwamba mazoezi ya mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 yaliboresha mizani yao. Kile ambacho askari alikihitaji ili asiangushwe na adui, mzee alikihitaji ili asianguke bafuni.

Desemba 2020, UNESCO iliiingiza taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Huko Chenjiagou mitindo mirefu yenye kuruka na vishindo inaendelea kufundishwa. Kwingineko, wengi wanaoanza huanzia kwenye miendo 24.