Mlio wa Redio Kabla Simu Haijalia

Kama ulikuwa na redio na simu nyumbani miaka ya 2000, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, bila shaka wakumbuka mambo haya. Simu iko kando ya redio, mara redio inakatakata, tit-tit-tit-trrr, halafu ndipo simu inalia. Watoto walishajua, walikimbia kukuletea simu hata kabla haijaita. Leo twaeleza mlio ule ulitoka wapi na ni sheria gani zilifuata, kwa maana baadhi ya sheria hizo zamgusa mtoto wako akilazwa hospitali.

Simu ya mkono ni redio ndogo: hurusha mawimbi na kuyapokea. Simu za siku zile zilirusha kwa vipande vipande, kama mara 217 kwa sekunde moja, na nyaya za redio yako zikavinasa vipande hivyo na kuvigeuza sauti. Huo ndio mwingiliano wa mawimbi. Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko simu. Mwaka wa 1906 mataifa yalikutana Berlin, Ujerumani, kupatana sheria za redio, hasa za meli baharini. Hapa Kenya simu za mkono zilianza mwaka wa 1993, tena kwa wachache wenye pesa. Mwaka wa 1999 ikaanza Tume ya Mawasiliano, CCK, na mwaka wa 2000 Safaricom na Kencell zikaanza kushindana. Tume ndiyo iliyogawa masafa, kila mtu na njia yake: redio za FM kati ya megahazi 87.5 na 108, simu huko juu kwenye 900 na 1800.

Sasa hospitali. Kuanzia miaka ya 1990 madaktari waliuliza: ikiwa simu yachezea redio, je, mashine ya mgonjwa? Mwaka wa 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 980 wenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Simu ikiwa sikioni haikuleta hatari. Ikiwekwa juu ya kifua, palipo na kifaa, ilivuruga. Ndipo watu hao wakashauriwa kuiweka simu mbali na kifaa, sentimita 15 au zaidi. Kwa hiyo ikiwa babu au nyanya unayemtunza ana kifaa hicho, simu isikae mfuko wa shati.

Mwaka huo huo Waingereza walipima mashine za hospitali. Simu ikiwa mita moja, kama mashine 4 katika 100 zilivurugika. Lakini redio za mkononi za watu wa zimamoto na gari la wagonjwa zilivuruga 41 katika 100! Mwaka wa 2004 wakasema hakuna haja ya kupiga simu marufuku hospitali nzima, ila pale penye mashine za kuokoa uhai. Basi nesi wa chumba cha watoto njiti akikwambia uzime simu, usimwone mkali. Toka nje, piga, urudi.

Na mwili wenyewe? Akina mama wengi huuliza juu ya minara, ile tunayoiita busta. Sitakwambia usiogope kisichoonekana, maana Mombasa twajua. Pale Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu sumu ya risasi, na aliyepiga kelele alikuwa mama, Phyllis Omido, baada ya mtoto wake kuugua. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sumu ile huingia mwilini ikakaa. Mawimbi ya simu hayakai. Yanachofanya ni kupasha mwili joto kidogo, na kipimo cha kimataifa cha mwaka wa 1998 kiliweka mwisho wa wati 2 kwa kila kilo ya kichwa. Mwaka wa 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, na watu wakaingiwa na hofu. Mwaka wa 2024 uchunguzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliojumlisha tafiti 63, haukupata uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Jambo ambalo wengi hawalijui: mnara ukiwa mbali na mtandao dhaifu, simu yako hujikaza na kurusha kwa nguvu zaidi, tena karibu na sikio.

Simu bandia ndizo hazikupimwa na mtu. Usiku wa Septemba 30, mwaka wa 2012, CCK iliagiza zizimwe, na zaidi ya simu milioni moja zikanyamaza. Wengi waliumia, maana simu ilikuwa ndiyo M-Pesa yao. Tume, ambayo tangu 2014 yaitwa Mamlaka ya Mawasiliano, ilitaja afya, usalama na ubovu wa mtandao. Ukinunua simu leo, bonyeza *#06# mbele ya muuzaji. Zitatokea namba 15. Zilinganishe na zile za kwenye boksi, na zisipofanana, mrudishie simu yake kabla hujatoa pesa.