Fahamu: Skripti ya majaribio inakijuaje kitufe cha "Lipa"?

Kampuni nyingi zenye tovuti hazitegemei mtu akae abonyeze kila kitufe kuona kama kinafanya kazi. Kuna skripti inayofungua kivinjari yenyewe, inajaza fomu, inabonyeza "Lipa", halafu inaripoti kama mambo yako sawa.

Programu maarufu ya kazi hii ni Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 akiwa ThoughtWorks, Chicago. Mwaka 2020 Microsoft nayo ikaleta Playwright.

Shida ni moja: skripti haina macho. Lazima ielekezwe ni kitufe kipi hasa. Ikielekezwa vibaya, italalamika wakati tovuti ni nzima, au itabonyeza kitu kingine kabisa.

Njia 8 za Selenium

- id: jina la pekee la elementi. Kwa kanuni za HTML halitakiwi kurudiwa kwenye ukurasa mmoja. Likiwepo, anza nalo. Ila kuwa makini na majina yanayotungwa na mashine, kama input-4837. Toleo jipya likitoka yanaweza kubadilika.
- name: inafaa kwa visanduku vya fomu.
- class na aina ya elementi: hizi ni njia mbili, lakini zote zinagusa elementi nyingi kwa pamoja. Peke yake, mara nyingi haitoshi.
- Maneno ya kiungo, yote au sehemu yake: ni rahisi, lakini tovuti ikihamia Kiingereza, "Ingia" inakuwa "Login" na skripti inapotea.
- CSS: fupi na inasomeka vizuri.
- XPath: inafuata mti wa ukurasa. Inaweza kutafuta kwa maneno, hata kupanda kutoka elementi hadi mzazi wake.

Mtego wa XPath ndefu

Wengi wananakili njia nzima kutoka kwenye kivinjari, mfano:

/html/body/div[3]/form/button[2]

Hii ni sawa na kumwambia mgeni "nyumba ya tatu baada ya mwembe". Likijengwa duka hapo katikati, atabisha hodi kwa jirani. Kwenye tovuti, tangazo moja tu likiwekwa juu ya fomu, div[3] inakuwa div[4]. Basi, jaribio limeanguka.

Salama zaidi ni alama iliyowekwa makusudi na watengenezaji wa tovuti:

[data-testid="lipa"]

Rangi, mpangilio na lugha vinaweza kubadilika, alama ikabaki ileile.

Playwright inashauri kutafuta kwanza kwa kazi ya elementi na jina lake, yaani kitufe kinachoitwa "Lipa". Hizo ndizo taarifa zinazotumiwa na programu za kuwasomea skrini wasioona. Kwa hiyo skripti isipokiona kitufe kwa njia hii, huenda na wao hawakifikii.

Hakiki kwanza

Kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, nenda Elements, kisha Ctrl+F. Bandika CSS au XPath yako uone inaleta majibu mangapi. Unataka 1.

Yakija 3, Selenium ikiambiwa itafute elementi moja itachukua ya kwanza bila kuuliza. Playwright ikiambiwa ibonyeze, itagoma na kutoa kosa.

Skripti ikisema hakuna kitu na wewe kitufe unakiona, huenda ukurasa haukuwa umemaliza kufunguka. Iambie isubiri. Au kitufe kiko ndani ya iframe, na skripti lazima iingie humo kwanza.

Kwa nini ujali?

Jaribio linaloanguka kila wiki kwa sababu ya muonekano tu linawazoesha watu kulipuuza. Siku "Lipa" ikifa kweli, ripoti itakuja nyekundu kama kawaida na hakuna atakayeshtuka. Atakayegundua ni mteja, akiwa tayari kulipa.